Udongo ulioingia risasi: namna ya kuutuliza kwa mboji, mifupa ya samaki na nyasi

Uani kwa shangazi yangu, Mikindani, Mombasa, pana kipande cha ardhi cha mita 10 kwa 6 ambacho kwa miaka mingi hakikupandwa kitu. Mpangaji wa zamani alikuwa fundi wa betri za gari. Alizipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali papo hapo, akatoa mabamba ya risasi, ile metali nzito yenye sumu, na kuyauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku tulipokitia jembe tuliibua vipande vyeusi vya plastiki, vibamba vya kijivu vinavyomeguka kwa vidole, na vumbi la rangi ya majivu. Pembeni kuku walikuwa wanaparura, na mtoto wa miaka miwili amekaa chini akichota udongo kwa kijiko.

Mwongozo huu ni wa mwenye ua kama ule: palipokuwa na fundi wa betri, palipochomwa nyaya ili kupata shaba, palipopakwa rangi mashua na magari, au pale wavuvi walipoyeyusha risasi kumimina chubwi za nyavu. Si mwongozo wa kusafisha kiwanda. Mombasa tunajua kiwanda kinaweza kufanya nini. Pale Owino Uhuru, Jomvu, betri chakavu ziliyeyushwa kando ya nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza wakazi kudai haki zao. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo, iliyokuwa imetenguliwa na Mahakama ya Rufani. Ardhi iliyoharibika kwa kiasi kile inahitaji serikali, mitambo na fedha. Ua wa shangazi unahitaji mboji, subira na watu wawili wenye nguvu.

Kabla ya jembe, hesabu

Mtu akisikia habari hizi, la kwanza analoniambia ni kwamba atapanda alizeti, kwani amesikia hunyonya sumu. Nampa hesabu hii. Mita moja ya mraba, kwa kina cha sentimita 15, ina udongo wa takriban kilo 200. Ikiwa kila kilo ina miligramu 1,000 za risasi, hapo pana gramu 200. Tuseme unavuna kilo 1 ya majani na mashina makavu kila mwaka, na kila kilo imebeba miligramu 100 za risasi, ambazo ni nyingi sana kwa mmea wa kawaida. Umetoa sehemu moja ya kumi ya gramu. Ukitaka kushusha udongo hadi miligramu 200, itabidi uondoe gramu 160. Hiyo ni miaka 1,600.

Sababu ni tabia ya risasi yenyewe. Hung'ang'ania chembe za udongo, haiyeyuki kwa urahisi majini, na kidogo kinachoingia kwenye mmea hukwama mizizini. Watafiti waliwahi kumwagia udongo kemikali iitwayo EDTA ili kuilegeza risasi, haradali iivute. Ililegea kweli, lakini mvua nayo ikaweza kuibeba kwenda chini. Mombasa, ambako visima vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe wenye nyufa, jambo hilo lisijaribiwe kabisa.

Zipo metali ambazo mimea huzivuta vizuri. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba kangaga aitwaye Pteris vittata hukusanya arseniki kwa wingi kwenye majani yake. Kuna mmea mdogo wa Ulaya, Noccaea caerulescens, unaokusanya zinki na kadimiamu, lakini huo ni wa nchi za baridi. Kwa risasi, ambayo ndiyo adui wetu mkubwa, kazi tunayoiweza ni kuifunga udongoni isiyeyuke tumboni mwa mtoto, kisha kuufunika udongo usiwe vumbi. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Uliza wazee, kisha pima

Anza na historia. Nani alipanga hapa? Betri zilipasuliwa wapi hasa? Moto ulikuwa ukiwashwa kona gani? Mzee mmoja wa mtaa anaweza kukuokolea gharama ya sampuli kumi. Kwa shangazi, jirani alituonyesha kwa fimbo mahali gogo la kupasulia lilipokuwa, chini ya mwembe, na kweli ndipo palipokuwa pabaya zaidi.

Gawanya ua kwa kufuata historia hiyo: penye shaka kubwa, penye shaka ndogo, mahali watoto wanapochezea, na ukanda ulio chini ya michirizi ya paa. Katika kila sehemu chota udongo mahali 8 hadi 10, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini na uweke kwenye mfuko wenye jina la sehemu hiyo. Usichanganye sehemu mbaya na sehemu nzuri; utapata wastani usiokuambia lolote. Wanapochezea watoto, chota sentimita 2 au 3 za juu tu, kwa kuwa ndizo zinazofika mikononi. Unapotaka kupanda, chota hadi sentimita 15.

Idara ya Mkemia wa Serikali ina tawi Mombasa, na vyuo vikuu vya Pwani vina maabara. Uliza bei kabla hujabeba mifuko. Omba risasi jumla, kadimiamu, arseniki, na pH, yaani kipimo cha uchachu. Ukikosa fedha za yote, lipia risasi na pH.

Hatua ya 2: Soma karatasi bila hofu na bila kujidanganya

Udongo ambao haujaguswa kwa kawaida huwa na miligramu 10 hadi 50 za risasi kwa kilo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, kwa miaka mingi lilitumia 400 kama kikomo cha viwanja vya kuchezea watoto, na mwaka 2024 likateremsha kiwango hicho cha tahadhari hadi 200. Kwa bustani za mboga, ushauri wake ulikuwa kwamba chini ya 100 hatari ni ndogo, na juu ya 1,200 hatari ni kubwa.

Mimi naamua hivi. Chini ya 100, lima, osha mboga, basi. Kati ya 100 na 400, tia mboji nyingi, acha mboga za mizizi, na za majani zipande kwenye matuta ya udongo safi. Kati ya 400 na 1,200, usilime chakula kwenye udongo huo. Ufunge na kuufunika kwa nyasi. Juu ya hapo nyasi peke yake hazitoshi mahali penye watoto: tandika turubai nene, mwaga kokoto au saruji juu, na kama eneo ni kubwa peleka taarifa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Ukiona vibamba vya risasi kwa macho, viokote kwanza ukiwa umevaa glavu, uvitie kwenye debe lenye mfuniko. Hakuna mboji inayofunga donge la risasi.

Hatua ya 3: Zuia vumbi leo, usingoje majibu

Majibu huchukua wiki. Mtoto hangoji. Mwagia ua maji kabla ya kufagia, au usifagie kabisa. Tandaza makumbi ya nazi au makuti makuukuu juu ya palipo tupu. Viatu vibaki mlangoni. Ndani pangusa kwa kitambaa kibichi, maana ufagio mkavu huinua vumbi na kulirudisha kitandani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kuku wafungiwe: wakiparura udongo wenye risasi, risasi huingia kwenye mayai.

Na kuna jambo ambalo akina mama huona haya kulitaja. Mja mzito anayekula udongo asichote wa uani wala wa ukutani, hata kidogo, kwani risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni. Mpelekeni kliniki; mara nyingi hamu hiyo huandamana na upungufu wa chuma mwilini, na mwili uliopungukiwa chuma na kalisi hufyonza risasi zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maharagwe na maziwa vinasaidia. Watoto wa nyumba hiyo wapimwe damu. Shirika la Afya Duniani linasema mikrogramu 5 kwa desilita zikifika, chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Hatua ya 4: Jua uko juu ya udongo gani

Kisiwani, Nyali na Bamburi, sehemu kubwa imekaa juu ya matumbawe, na udongo wake una chokaa tayari. pH yake mara nyingi huwa juu ya 7. Huko usiongeze chokaa wala majivu. Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini ziko juu ya miamba mingine, nyingi ikiwa ya udongo mgumu unaopasuka jua likiwaka na kunata mvua ikinyesha. Huko, na hasa palipomwagwa maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki, pH inaweza kuwa imeshuka sana. Asidi huilegeza risasi.

Lengo ni pH kati ya 6.5 na 7.5. Ikiwa chini ya 6, tia chokaa ya kilimo au unga wa mawe ya matumbawe, nusu kilo kwa mita ya mraba, changanya, mwagilia, subiri mwezi mmoja, pima tena. Nenda polepole, kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza.

Hatua ya 5: Andaa dawa za udongo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu hukosea.

Mboji. Inahitajika iliyoiva kabisa: nyeusi, inanukia msitu baada ya mvua, haina joto ukiingiza mkono. Samadi mbichi hutoa maji ya rangi ya chai yanayoweza kubeba metali kwenda chini. Changanya majani makavu, nyasi, maganda ya jikoni na samadi ya mbuzi au ng'ombe, geuza kila wiki mbili, na kwa joto letu itaiva kwa miezi mitatu hadi minne. Utahitaji tabaka la sentimita 5 hadi 8 juu ya eneo zima. Tafadhali usinunue ule udongo mweusi wa jaani unaouzwa kwa magunia kama mboji. Umepitiwa na betri ndogo, balbu na majivu ya nyaya, na utakuwa unaongeza sumu ile ile unayoipiga vita.

Mifupa ya samaki. Mfupa umeundwa kwa fosfeti ya kalisi, na risasi ikikutana na fosfeti huunda madini yaitwayo pairomofaiti, ambayo huyeyuka kwa shida sana hata ndani ya asidi ya tumbo. Mwaka 2011 huko Oakland, California, mtaa wa South Prescott ulianza kutibiwa kwa unga wa mifupa ya samaki uliochanganywa udongoni, kisha pakafunikwa kwa udongo safi na majani. Nilipofahamu hilo niliwaza mara moja mama karanga wetu, wale wanaokaanga na kuuza samaki, na ndoo za vichwa na miiba wanazomwaga kila jioni. Ongea nao vizuri, uwaletee ndoo yenye mfuniko, na mali utapata bure.

Namna ya kuandaa ni hii. Chemsha mifupa nusu saa ili nyama na mafuta yaachie. Chuja, suuza. Anika juu ya mabati siku tatu nne mpaka ukiuvunja unalia kama kijiti kikavu. Twanga kwenye kinu ambacho hakitarudi jikoni, chekecha kwa chekecheo la unga, na makapi yarudi kinuni. Unga ukiwa laini, hufanya kazi upesi. Usiichome mifupa hadi iwe myeupe kama chaki. Moto mkali huifanya ngumu kuyeyuka, na fosfeti haitoki. Mpe paka haki yake mbali na hapo, na panya pia wachunge, kwa sababu unga usiochanganywa vizuri huwaita wote. Kiasi ni kilo 4 hadi 6 kwa mita ya mraba. Ni wingi, nakubali. Kwa mita 60 za mraba ni zaidi ya kilo 200. Sisi tuliutumia mwembeni na wanapochezea watoto tu. Mahali pengine unaweza kutumia unga wa mawe ya fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania, unaopatikana kwenye maduka ya pembejeo.

Tahadhari mbili za fosfeti. Kama maabara yamekuta arseniki nyingi, usiitumie: fosfeti huisukuma arseniki iachie udongo na kuingia majini. Na kama ua wako unateremkia Bandari ya Tudor au mkono wowote wa bahari wenye mikoko, acha ukanda wa mita 10 bila fosfeti, ili mvua isiipeleke majini ikaotesha mwani.

Makaa. Vifuu vya nazi vilivyochomwa kwa moto usio na hewa nyingi hutoa makaa yenye vitundu visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo metali hunasa. Yasage yawe punje kama za mchele, yaloweke siku kadhaa katika maji ya mboji, kisha tia kilo 4 kwa mita ya mraba. Makaa haya yana magadi ndani yake, kwa hiyo kwenye udongo wa matumbawe punguza nusu.

Hatua ya 6: Changanya

Chagua siku isiyo na upepo, mwisho wa Machi, kaskazi ikiwa imelala na kusi haijashika. Lowesha udongo jioni ya kuamkia siku hiyo. Watoto wapelekwe kwa jirani. Vaa barakoa, glavu, viatu vya mpira, na nguo ambazo zitafuliwa peke yake. Tandaza mboji, juu yake unga wa mifupa, juu yake makaa, kisha geuza kwa jembe hadi sentimita 15, mara mbili, kwa njia mbili zinazokatana. Fosfeti inahitaji kugusana na risasi. Kumwaga juu na kuacha ni kupoteza mali. Mwagilia na uache wiki mbili hadi tatu.

Hatua ya 7: Panda

Vetiva ndiyo nyasi ya kwanza. Ukiiona utadhani ni mchaichai mrefu. Mizizi yake hushuka wima, hadi mita 3 na zaidi udongo ukiruhusu, hustahimili chumvi kiasi na ukame wa kaskazi, na risasi inayoichukua hubaki karibu yote mizizini. Aina inayopandwa haitoi mbegu zinazoota, kwa hiyo haitavamia mtaa. Kamata shina kubwa, ligawe kuwa miche ya vitawi viwili vitatu, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10. Panda mvua za masika zikianza, sentimita 10 hadi 15 kati ya mche na mche, kwa mistari inayokata mteremko, ili maji ya mvua yakutane na ukuta wa nyasi na kuacha matope yake hapo. Mwagilia wiki tatu za kwanza. Haipendi kivuli, basi chini ya mwembe tulipanda ukoka na kuongeza matandazo mazito.

Ukoka ndio zulia. Hustahimili metali, hukanyagwa na watoto bila kufa, na vipande vyake vinapatikana kando ya barabara yoyote. Panda vipande kila sentimita 20 katikati ya mistari ya vetiva. Lengo ni kwamba baada ya masika moja usione udongo.

Ukitaka miti ya kukinga upepo, mvinje ni mwenyeji mzuri. Pale Bamburi, kwenye machimbo ya saruji yaliyobaki mwamba mtupu, René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971. Mvinje ulishika, na majongoo yakasaga majani yake yaliyoanguka yakawa udongo. Sasa hapo ni Haller Park. Tatizo lao halikuwa risasi, ila namna ya kujenga udongo hai juu ya kilichokufa ni ile ile. Mbono sikushauri penye watoto, ingawa unavumilia metali, kwa sababu mbegu zake ni sumu.

Hatua ya 8: Chakula kipandwe wapi

Tengeneza matuta ya kuinuliwa: magunia kadhaa yalazwe chini, ukingo wa mawe au mbao zisizopakwa rangi, udongo safi na mboji kwa kina cha sentimita 30. Mchicha na sukuma wiki vikae humo, kwa kuwa majani hubeba vumbi, na mchicha hasa huvuta kadimiamu. Muhogo na viazi vitamu pia humo, au uviache. Nyanya, bamia na biringani hupeleka risasi kidogo sana kwenye tunda. Nazi na maembe ya miti iliyokuwepo yaoshwe, yaliwe. Mwembe wa shangazi hatukuukata.

Hatua ya 9: Tunza na upime

Punguza vetiva kila miezi mitatu minne, ibaki sentimita 40. Majani uliyokata yalaze palepale yawe matandazo. Usimpe mbuzi, usiyatie kwenye mboji ya mboga, na usiyachome.

Baada ya mwaka pima tena, lakini jua unachokipima. Risasi jumla itakuwa imepungua kidogo tu, kwa sababu mboji imeizimua. Risasi yenyewe ipo. Kinachobadilika ni ile sehemu inayoweza kuyeyuka tumboni, na maabara yenye uwezo hupima hiyo peke yake kwa kuuloweka udongo katika asidi inayofanana na ya tumbo. Kama hakuna maabara hiyo karibu, kipimo chako ni damu ya mtoto baada ya miezi sita na kumi na miwili, pamoja na kitambaa cheupe unachokipangusa dirishani kila Ijumaa.

Mboji huliwa na wadudu na joto, hivyo kila mwaka kabla ya masika ongeza sentimita 2. Zunguka ua mzima mvua za kwanza zikikatika, ukitazama chini. Popote palipo doa tupu, kuku walipochimba au maji yalipokata njia, lowesha, tia mboji na konzi ya unga wa mifupa, na upandikize ukoka siku hiyo hiyo.